Kidole Juu ya Tarehe

Karatasi ililetwa Jumatatu asubuhi. Ilikuwa na majina thelathini na moja, na jina la kumi na tisa lilikuwa la mtu ambaye Mama Patasi alimuua kwa mkono wake.

Hakushtuka. Alikuwa amesimama karakanani, vumbi la mawe limejaa kwenye nyusi, na Mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu alikuwa anamtazama usoni. Aliisoma orodha mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Jiwe moja au mawili?"

"Moja, refu. Juu uandike: Watu Mashuhuri Waliotutoka Mwaka wa Pili wa Vita. Chini yake majina na tarehe. Linazinduliwa Jumamosi."

"Herufi zote hizo kwa siku tano?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa wachonga makaburi, sikwenda kwa waandika vibao vya maduka." Mwenyekiti akacheka peke yake. Mlinzi wake, mtu mnene mwenye bastola kiunoni, akacheka baada yake. "Namba kumi na tisa uipendezeshe. Huyo ni mdogo wangu."

Hakuhitaji kusema. Mtaa mzima ulimjua Mtangazaji. Kwa miaka kumi ndiye aliyesoma matangazo ya vifo redioni saa saba mchana, na sauti yake ilikuwa nzito na ya upole kiasi kwamba watu waliacha vijiko hewani kumsikiliza. Orodha ilisema alikufa Novemba, siku kombora lilipoangukia kituo cha redio na watu sita wakaungua wasitambulike. Jeneza lilizikwa. Hakuna aliyelifungua.

Lakini Januari iliyofuata, mwaka wa tatu wa vita ukiwa na siku kumi na moja tu, Mtangazaji huyo huyo alisimama kwenye lango la karakana hii akiwa na daftari la shule na wanaume watatu wenye bunduki. Alisoma jina la mume wa Mama Patasi vilevile kama alivyokuwa akisoma redioni: jina kwanza, kisha kazi, kisha mtaa. Baba mkwe aliisikia sauti ile akiwa ndani, akatabasamu. "Toka, mwanangu. Kumbe yule wa redio hakufa! Ni mtu wetu, hawezi kuua." Mwanawe akatoka. Walimpiga risasi mbili akiwa bado anasema karibuni.

Wenye bunduki wakaenda nyumba ya pili. Mtangazaji akabaki nyuma, akaweka daftari juu ya bamba la jiwe, akakata jina kwa kalamu. Halafu akaingia ndani kuomba maji ya kunywa. Mama Patasi akaokota nyundo. Pigo la kwanza lilivunja taya, na ile sauti ikaisha hapo. Mawili yaliyofuata yalikuwa ya kichwa. Baba mkwe alichimba shimo nyuma ya karakana, panapolundikwa mawe yaliyoharibika. Wale watatu waliporudi kuulizia mwenzao, waliambiwa ametangulia kwa njia ya mfereji, na jioni ile makombora yakawafukuza mjini.

Wanaume kumi na saba waliuawa mtaani siku ile. Wajane wao walisema wameisikia sauti ya Mtangazaji ikisoma majina. Wakaambiwa mfu hasomi majina. Wakaambiwa msiba umewachanganya akili. Miaka minane walikuwa wanaambiwa hivyo.

"Utaniletea Ijumaa jioni?" akauliza Mwenyekiti.

"Utalifuata mwenyewe. Mimi sina gari."

*

Baba mkwe ndiye aliyekuwa akichora herufi kwa burashi kabla hazijachongwa. Mtaani walimwita Mzee tu, kama vile hapakuwa na mzee mwingine. Mikono yake ilitetemeka akishika kikombe, ikatetemeka akifunga vifungo vya shati, lakini burashi ikigusa jiwe mtetemo ulikoma, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Alipofika namba kumi na tisa aliacha nafasi, akaruka kwenda ishirini.

"Umeruka, Baba," akasema Mama Patasi.

"Sikuruka. Nimepumzika."

"Umepumzika mstari mzima?"

Mzee akaweka burashi kwenye kopo. "Andika Novemba, mwanangu. Sisi ni watu wa mikono. Wao wana bastola."

"Nikiandika Novemba, mwanao aliuawa na nani?"

Mzee akajipangusa rangi vidoleni.

"Jibu, Baba. Jiwe likishasimama pale mjini limekwisha. Mtu aliyekufa Novemba hawezi kuua Januari. Wale kumi na saba watakuwa wamejiua wenyewe."

"Na ukiandika Januari watakuuliza umejuaje. Utawaambia nini? Kwamba yuko uani, chini ya mawe mabovu?"

Mama Patasi akachukua patasi akaanza kuinoa. Hapo ndipo mazungumzo yao yalipoishia kila mara. Hakuwahi kuzaa, watu walisema mtoto wake ni hiyo patasi, ndipo akapata jina. Na mumewe, mtoto wa mchonga mawe, mjukuu wa mchonga mawe, hakuwa na jiwe kaburini. Kulikuwa na kipande cha ubao, na mvua ilishakula maandishi. Mfinyanzi hulia gaeni, majirani walisema. Hawakujua kwamba jiwe la yule kijana lilikwama kwa sababu ya kidole cha baba yake.

Katika karakana ile tarehe ya kifo haikuchongwa mpaka mfiwa aje, aweke kidole juu ya rangi, na aseme ndiyo. Mzee alianza desturi hiyo ujanani, baada ya kuchonga jina la pacha ambaye siye aliyekufa, na yule aliye hai akaja makaburini kujisoma. Tangu hapo, kidole kwanza, patasi baadaye. Na kidole kilikuwa cha mtu aliye karibu zaidi na marehemu: mama, au baba, au mke, kwa mpangilio huo. Mama wa marehemu alishakufa. Kwa hiyo kwa mume wa Mama Patasi kidole kilikuwa cha Mzee, na Mzee, kila alipoombwa, alisema leo mkono unauma.

*

Jumatano familia zilikuja kuweka vidole. Walipanga foleni kutoka langoni mpaka barabarani, wamevaa nguo za kutokea. Mtoto wa daktari aliweka kidole akasema ndiyo kwa sauti ya kujibu mwalimu. Mke wa mwanasheria alitaka cheo cha mumewe kiongezwe. Akaambiwa jiwe halina nafasi ya pembeni. Dada wa Golikipa, mwanamke mkubwa mwenye mabega ya mpakua mizigo, alilitazama jina la kaka yake kwa muda mrefu.

"Alidaka kila kitu huyu," akasema. "Risasi tu ndiyo ilimpita."

Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. Yeye alikuwa na marehemu wawili. Kaka alikuwa mashuhuri, akafa mwaka wa pili. Mume alikuwa fundi viatu, akatolewa nje kwa kuitwa jina ile Januari. Aliposema ni nani aliyemwita mumewe, shemeji zake walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko miezi mitatu. Alitoka amejifunza kunyamaza.

Macho yake yakashuka mpaka ile nafasi tupu. "Huyu wa hapa mbona bado?"

"Familia yake haijaja," akasema Mama Patasi.

"Familia ndiyo hii," akasema Mwenyekiti nyuma yao. Alikuwa ameingia na mlinzi wake, anasalimia watu kwa mikono miwili, maana uchaguzi ulikuwa karibu. "Kidole changu hiki hapa. Mzee, chora."

Mzee akainama. "Mama yako yu hai, Mwenyekiti. Kidole ni cha mama."

"Mama yangu ana miaka themanini."

"Kidole hakizeeki. Wenzako thelathini wamefuata utaratibu, na wote wako hapa wanatazama."

Mwenyekiti akawatazama wote waliokuwa wanatazama. Akatabasamu, lakini mshipa ulimsimama shingoni. "Sawa. Kesho nitamleta. Desturi ni desturi."

Alipopita karibu na Mama Patasi alimsemesha chini chini. "Huyo babu yako ana mdomo. Umtunzie asije akaupoteza."

*

Alhamisi saa nne gari liliingia uani. Mlinzi alimteremsha bibi mmoja mdogo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hapakuwa na familia nyingine. Mwenyekiti alikuwa amehakikisha.

"Shikamoo, Mama," akasema Mama Patasi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mikono yako kama ya mwanamume."

"Ndiyo inayonilisha."

"Basi isikatike."

Mzee alikuwa ameshachora mstari wa kumi na tisa kwa rangi nyekundu: jina, kisha siku ya Novemba. Bibi akalisogelea jiwe mpaka pua ikakaribia kuligusa. Akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Hii tarehe siyo," akasema.

"Mama, weka kidole," akasema Mwenyekiti.

"Siyo. Mwaka mpya mwanangu alikuwa kwangu. Alikuja na buti za watu, amekonda. Nikamfulia shati. Maji yalitoka mekundu mara tatu, nikamuuliza, akasema amechinja mbuzi. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemletea lile daftari."

Mlinzi akashtuka, akatazama viatu vyake.

"Mama amezeeka," akasema Mwenyekiti. "Anachanganya miaka."

"Nimezaa wawili tu. Nitachanganya nini?"

Mwenyekiti akamshika mama yake mkono. Alianza kama mtu anayemsaidia mzee kushuka ngazi. Kisha akaukaza, akauvuta kuelekea kwenye jiwe. Bibi akakunja ngumi. Mwanawe akaanza kuifungua ngumi ile kidole kimoja kimoja, akitoa pumzi puani. "Weka. Weka kidole, Mama. Usiniaibishe." Bibi akajivuta nyuma, Mwenyekiti akauzungusha mkono, na wote watano wakasikia kifundo cha mkono kikilia kama kijiti kikavu. Bibi hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mzee aliwahi kwanza. Alimshika Mwenyekiti ukosi wa shati kwa mikono yake ile ya kutetemeka. Mlinzi akampiga kitako cha bastola sikioni, Mzee akaanguka chali juu ya makopo ya rangi. Mlinzi akampiga teke la mbavu, na lingine, bila hasira, kama mtu anayesogeza gunia.

Mama Patasi alikuwa ameshaokota nyundo. Ilikuwa ni ile ile; kazi yake haikumruhusu kuitupa nyundo nzuri. Aliipima mkononi. Mwenyekiti alikuwa amempa mgongo. Hatua mbili tu. Alijua kabisa mfupa wa pale nyuma ya sikio unavyopasuka.

"Weka chini," Mzee akasema kutoka sakafuni, damu inamtoka sikioni. "Uani hapana nafasi nyingine."

Mlinzi akaelekeza bastola. Mama Patasi akaweka nyundo chini.

"Kesho saa kumi nakuja na gari," akasema Mwenyekiti, akijipangusa rangi nyekundu mikononi. "Nikute Novemba. Mama, twende."

Bibi alikuwa amekaa juu ya bamba, ameupakata mkono uliovunjika kama mtoto mchanga. "Sipandi gari lako," akasema.

"Basi utarudi kwa miguu."

"Nilikuja duniani kwa miguu ya nani?"

Gari likaondoka.

*

Mama Patasi aliufunga mkono wa bibi kwa rula mbili za kupimia mistari na kitambaa cha aproni. Alimfunga Mzee kichwa. Muda wote huo bibi alikuwa anamtazama kwa jicho moja, maana kioo kimoja cha miwani kilikuwa kimepasuka.

"Binti," akasema bibi. "Niliposema mwanangu alikuwa hai mwaka mpya, mlinzi alishtuka. Wewe hukushtuka. Mzee wako hakushtuka."

Mama Patasi akaendelea kufunga fundo.

"Mtu asiyeshtuka ana habari. Mwanangu aliondoka kwangu tarehe kumi. Niambie."

Mzee akafumba macho. "Mwanangu, usi..."

"Alikufa kesho yake," akasema Mama Patasi. "Tarehe kumi na moja. Alisoma jina la mume wangu kutoka kwenye lile daftari, wakampiga risasi pale langoni. Kisha akaingia humu. Mimi nikampiga nyundo. Mara tatu."

Bibi akasogeza kando kikombe cha chai alichokuwa amepewa.

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

"Ulimpa?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Mama Patasi akaonyesha kwa kidevu lile lundo la mawe yaliyoharibika. Bibi akainuka. Alidhaniwa anakwenda kwenye lundo, lakini alimjia Mama Patasi na kumpiga kofi kwa mkono mzima. Akampiga la pili. La tatu likamrarua mdomo kwa pete. Mama Patasi alisimama wima, mikono chini. Bibi alipiga mpaka akachoka, akashika ukingo wa jiwe asianguke.

"Miaka minane nimeliombea dua jeneza la mchanga," akasema. "Nilisikia uzito wake walipolibeba. Mama anajua uzito wa mwanawe."

Akavuta pumzi.

"Mumeo aliitwa nani?"

Mama Patasi akamtajia.

"Naye ana mama?"

"Alikufa. Ana baba, huyu hapa."

Bibi akamtazama Mzee, kitambaa kichwani kimelowa damu. Kisha akageukia jiwe.

"Futa hiyo Novemba. Chora inayotakiwa."

Mzee akafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa. Akachora upya: siku ya kumi na moja, Januari, mwaka uliofuata. Bibi akaweka kidole cha mkono mzima juu ya rangi mbichi. Kidole kikatoka chekundu.

"Ndiyo," akasema.

Mama Patasi akaokota nyundo na patasi. Alichonga mchana kutwa, kwa kina kuliko mistari mingine yote, ili asiwepo wa kusugua akaifuta tarehe ile.

*

Ijumaa saa kumi familia zilikuja kulibeba jiwe mpaka kwenye gari, kama walivyoahidi Jumatano. Lilikuwa limefunikwa gunia. Mwenyekiti alifika na mlinzi, akashangaa kumkuta mama yake amekaa kando ya jiwe, mkono umefungwa rula.

"Ni Novemba?" akamuuliza Mama Patasi.

"Funua usome. Wewe una macho."

Alifunua. Alisoma. Watu walikuwa nyuma yake nao wakasoma. Tarehe thelathini za mwaka wa pili, na moja, katikati, ya mwaka wa tatu.

Kitako cha bastola ya mlinzi kilimpata Mama Patasi mdomoni kabla hajakiona. Alianguka kwa magoti, akatema jino juu ya vumbi. Mlinzi akainua mguu, lakini Dada wa Golikipa alikuwa ameshaingia katikati na mabega yake yale, na mlinzi akarudi nyuma hatua moja, kisha mbili.

"Nani kakupa tarehe hii?" Mwenyekiti alimshika Mama Patasi nywele, akamwinua uso. "Sema mbele ya watu. Umeijuaje?"

"Nimempa mimi," akasema bibi.

"Mama, nyamaza."

"Kidole hiki hapa." Akakiinua juu, rangi haijatoka bado. "Au unataka kunivunja na huu mkono mwingine? Watu wako hapa leo. Nivunje waone."

Mwenyekiti akaachia nywele. Dada wa Golikipa alikuwa bado anausoma mstari wa kumi na tisa. Akausoma tena, akiufuata kwa kucha.

"Tarehe kumi na moja," akasema taratibu. "Kwa hiyo siku ile alikuwa hai. Kwa hiyo sauti niliyoisikia ilikuwa yake." Akageuka kuwatazama wote. "Walinifunga kitandani kwa mikanda miezi mitatu. Nilikuwa mzima."

"Mimi pia niliisikia," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Na mimi," akasema mwingine. "Alimtaja baba na mtaa wetu."

Mwenyekiti akamwambia mlinzi alivunje jiwe. Mlinzi akatazama lile jiwe, akawatazama watu sitini waliolizunguka, akarudisha bastola kiunoni. "Zito, mkubwa," akasema. Mtu mmoja akacheka, kicheko kibaya, na Mwenyekiti akasukuma watu akaelekea garini. Dada wa Golikipa akainama, akakamata pembe ya jiwe.

"Gari lake hatulitaki. Shikeni. Tutalibeba kwa mabega, tutalala nalo pale pale mpaka kesho."

Wakalibeba.

*

Uani wakabaki watatu. Mama Patasi alikuwa anasukutua damu kwa maji ya chumvi.

"Asante, Mama," akasema.

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Nimekubali tarehe, basi." Bibi alikuwa anajifunga mtandio kwa mkono mmoja, akakataa kusaidiwa. "Jumatatu nitakuja na sanda. Jembe utatoa wewe, na atakayechimba ni wewe. Taratibu, usije ukampiga tena."

"Sawa."

"Mwenyekiti hatakaa kimya. Namjua, nimemzaa. Ukiulizwa chochote, niite mimi."

Akaondoka kwa miguu, hatua fupi fupi, hakugeuka.

Mzee alikuwa kwenye lile lundo. Alikuwa ameshaanza kuyatoa mawe, moja moja, akipumzika kila baada ya jiwe, maana mbavu zilimuuma. Bamba moja dogo, lililovunjika pembe tu, aliliburuta mpaka kwenye meza ya kazi. Akalipangusa. Akashika burashi, mtetemo ukakoma, akachora jina la mwanawe, kisha kazi yake, kisha tarehe ile ile ya kumi na moja.

Mama Patasi akaja na nyundo. Shavu lilikuwa limeshavimba mpaka jicho moja likafunga.

"Kidole, Baba."

Burashi ilipotua kwenye kopo mkono ulianza kutetemeka tena. Mzee aliutazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi ndiye niliyemwambia atoke," akasema.

"Najua. Nilikuwepo. Weka kidole."

Aliuinua mkono. Ulitetemeka njia nzima mpaka kwenye jiwe. Mama Patasi hakumsaidia. Kidole kikagusa rangi, kikatulia.

"Ndiyo," akasema Mzee.

Mama Patasi akaweka patasi kwenye herufi ya kwanza, akapiga.